Jaketi Jekundu Lina Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko la chai, Wilkista Nabwile alilishusha jaketi jekundu kutoka kwenye msumari wa juu kabisa wa kibanda chake katika soko la mitumba la Kitale. Alilikung'uta vumbi. Akaivuta zipu kutoka chini mpaka shingoni, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto wakati wa baridi. Kisha akalirudisha msumarini likiwa limefungwa hivyo, limetuna kifua, utadhani ndani yake mna mtu aliyebana pumzi.

Lilikuwa jaketi la watu wa theluji, zito, lenye kofia. Kwenye zipu yake kilining'inia kidude cha plastiki chenye picha ya mtu anayeteremka mlima mweupe, mbao mbili ndefu zimefungwa miguuni. Wateja walilipenda.

"Mama, hiyo nyekundu unauza aje?"

"Ina mwenyewe."

"Si uniuzie tu, bana. Mwenyewe hata hajakuja."

"Atakuja."

Wenzake sokoni waliamini kwamba analiweka kwa ukumbusho wa mumewe, Khaemba, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Walimwonea huruma, wakawa wanawakataza wateja wasimsumbue. Yeye aliwaacha waamini hivyo. Mwenye jaketi lile alikuwa hai, ameshiba, amenenepa, na huko Kanduyi watu walimwita Mwenyekiti.

Khaemba alikuwa mpandishaji wa wageni Mlima Elgon. Alikuwa akiwapokea Endebess, akabeba mizigo yao, akawafikisha juu kwenye mawe na ziwa, akawarudisha. Zamani hizo Wilkista aliuzia nguo zake mjini Bungoma. Siku moja, mtumba ulipofunguliwa, alibahatika kuchagua kamera, kama wachuuzi wanavyoziita nguo bora za mwanzo, akamtolea mumewe jaketi jekundu la theluji. Kiwiko kilikuwa kimechanika, akakishona kwa uzi wa kijani kwa sababu mwekundu ulikuwa umekwisha. Khaemba hakujali uzi. Alichopenda ni yule mtu wa kwenye zipu. "Mama Joy, muone huyu," alikuwa akisema, "anateleza na hashiki popote. Siku moja nitamwiga."

Jumapili moja ndugu yake Khaemba, Wakoli, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali, alikuja akala, akashiba, kisha akasema ofisi inamtuma Nyahururu na kule baridi inauma kama nyoka. Wilkista mwenyewe ndiye aliyelikunja jaketi akampa.

"Ijumaa nalirudisha, mulamwa," alisema Wakoli. Huko kwao Bungoma shemeji huitana mulamwa, na mulamwa hamnyimi mulamwa mwenzake.

Ijumaa ilifika bila jaketi. Wiki iliyofuata Khaemba akapigiwa simu kwamba wageni wako Endebess. Alivaa sweta mbili akacheka, akasema mlima humjua mtu wake. Juu kule mvua ya mawe ikawapiga kutwa nzima. Alishuka akiwa anakohoa, akalazwa na nimonia, na hakutoka hospitalini kwa miguu yake.

Lakini hilo silo lililomkaa Wilkista rohoni. Kifo ni kifo. Kilichomkaa ni siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, ukoo ulipoketi uani Kanduyi na nguo za marehemu zikatolewa zigawanywe. Walitoa mashati, wakatoa suruali na viatu vya mlima. Senge, shangazi mkubwa wa ukoo, akauliza, "Na ile nyekundu yake ya mlimani iko wapi?"

Wakoli akasimama. Alitazama viatu vyake, akasema, "Senge, hiyo muulizeni mke wake. Si anauza nguo?"

Watu waliguna. Wilkista alikuwa ameketi chini, kichwa kimenyolewa, ubaridi wa wembe bado uko utosini. Mjane siku ile hapazi sauti mbele ya shemeji zake. Akifanya hivyo, husemwa kwamba ndiye aliyemla mumewe. Akanyamaza. Na kwa kuwa alinyamaza, maneno yakawa kweli. Jua lilipotua alikuwa amepata jina jipya: yule aliyeuza jaketi la mume wake, mume akafa kwa baridi.

Jina lile lilimfuata kibandani Bungoma hadi wateja wakahama. Lilimfuata binti yake, Joy, shuleni, mtoto mpole aliyependa vitabu kuliko watu, na tangu hapo akavipenda zaidi. Mwishowe Wilkista alifunga virago akahamia Kitale.

Mchungaji alimwambia, "Mama Joy, kisasi ni cha Bwana."

"Bwana ana kazi nyingi, Mchungaji," alijibu. "Mimi niko na hii moja tu."

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Miaka ilipita, Joy akaenda chuo kikuu. Siku moja katika mtumba mpya Wilkista akakuta jaketi jekundu, si lile lile, maana kiwiko kilikuwa kizima, ila lilikuwa ndugu yake kabisa, hata mtu wa kwenye zipu alikuwepo. Wenzake walimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Umekuja." Akaligongomea msumari wake.

*

Mwezi wa Machi, gari lilisimama mbele ya kibanda. Aliyeshuka kwanza ni Mwalimu Wamalwa, mstaafu mwenye maneno mengi, bakoki wa Khaemba, yaani walitahiriwa msimu mmoja, na mabakoki ni zaidi ya ndugu wa tumbo.

"Mama Joy! Tumezeeka bila kuona nchi," alisema akijitupa kwenye benchi. "Wastaafu wa Kanduyi tumeamua. Likizo ya Aprili tunapanda Elgon, tunatembea huko juu mpaka magoti yalie, halafu tunashuka kabisa mpaka baharini. Tuanze juu, tumalize chini! Sasa tunataka majaketi. Utukodishie, na uje nayo mwenyewe uyalinde, maana hawa wazee wanaweza kurudi nayo nyumbani."

"Nani mwenyekiti wenu?"

"Si ni shemeji yako! Yuko garini. Mwenyekiti, shuka usalimie watu!"

Wakoli alishuka pole pole, koti la sufu la kijivu limemkaa vizuri, kalamu mbili mfukoni.

"Mulamwa! Ati uko hapa siku hizi? Umenona."

"Ni Mungu."

"Chagua jaketi, Mwenyekiti," Wamalwa alimhimiza.

"Mimi? Nivae nguo za wazungu waliokufa?" Wakoli alicheka, na cheko lake likamtikisa tumbo. "Mlima ule ni wa babu zangu. Hii koti yangu imetosha. Hawa ndio wavae mitumba."

Wamalwa alikuwa ameshainua macho juu. "Na ile nyekundu, Mama Joy?"

"Ina mwenyewe," alisema Wilkista, akimtazama Wakoli usoni.

Wakoli naye akainua macho. Aliliona jaketi, akamwona na yule mtu mdogo wa kwenye zipu, akakohoa kidogo, akasema gari liko juani.

Jioni ile Wilkista alianza kufunga mizigo. Joy, aliyekuwa amemaliza chuo na kazi haijapatikana, alimsaidia kukunja majaketi. Alimwona mama yake akilishusha lile jekundu na kulilaza chini kabisa ya begi lake mwenyewe, akaweka kitenge juu. Joy hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza.

*

Magari yaliwapandisha wastaafu, Wilkista na Joy kutoka Endebess, yakapita mahindi machanga, yakapita msitu na mianzi, mpaka pale njia ilipokoma na nyasi ndefu zikaanza. Kipkosgei aliwapokea, mpandishaji wa wageni aliyekuwa akifanya kazi na Khaemba zamani, sasa mvi zimemjaa. Alimshika Wilkista mkono kwa mikono miwili. Kisha akawatazama wastaafu mmoja mmoja waliotuna ndani ya majaketi ya rangi zote, na macho yake yakasimama kwa Wakoli.

"Mzee, hiyo koti ni ya mkutano."

Watu wakacheka. "Mwache," alisema Wamalwa, "huyo, mlima ni wa babu yake. Tutaona kama babu atamtambua."

Wilkista alijua lile koti la sufu litafanya nini likilowa. Neno lilimfika mdomoni. Akalimeza pamoja na mate.

Walitembea. Waliyaona mapango ambayo ndovu huingia kulamba chumvi. Walipanda wakipumzika kila penye jiwe la kukalia, wakitaniana magoti. Siku ya pili, saa za alasiri, karibu na kambi, mbingu ikafunga, ikapasuka, mvua ya mawe ikamwagika kama mahindi yanayotolewa guniani. Wote walikimbilia chini ya turubai kubwa la wapishi. Ilipokoma, walitoka. Mteremko wote mbele yao ulikuwa mweupe.

"Theluji!" alipiga kelele Wamalwa. Akashika kidude cha kwenye zipu yake, nacho kilikuwa na mtu kama yule wa jaketi jekundu. "Tazameni huyu jamaa! Si anafanya hivi? Leteni mbao!"

Mbao hazikuwepo. Yalikuwepo mabeseni ya kuoshea vyombo. Wazee na akina mama waliokuwa wameaga ofisi za serikali kwa hotuba na saa za ukutani walipigania mabeseni kama watoto.

"Mwenyekiti kwanza! Mwenyekiti afungue rasmi!"

Wakoli hakuwa mtu wa kukataa kufungua kitu rasmi. Aliketi katika beseni la bluu, akakunja mikia ya koti, akainua mkono kama anayepungia umati, na Wamalwa akamsukuma. Aliteleza. Kwa kitambo kile kidogo alikuwa kweli yule mtu wa kwenye zipu, hashiki popote, na Wilkista akaona jicho la Khaemba likicheka. Kisha beseni likageuka, likamtupa, Wakoli akabingirika mpaka bondeni, akaingia mpaka kifuani katika dimbwi la maji ya mvua ya mawe.

Walicheka hadi machozi. Walikuwa bado wanacheka alipopandishwa, koti linachuruzika, kalamu zimepotea. Kicheko kilikufa kidogo kidogo. Meno ya Wakoli yalikuwa yanagongana. Walimpa kikombe cha chai, chai ikamwagika yote magotini kwa kutetemeka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Kipkosgei alimvua koti, akamvua shati, akamfunga blanketi ambalo nalo lilikuwa na unyevu. "Anataka kitu kikavu, kizito, sasa hivi," alisema. "Baridi hii haina mchezo. Mimi nimeona mtu ikimmaliza." Hakumtazama Wilkista alipolisema hilo.

Wamalwa alikuwa ameshaanza kufungua zipu yake. "Chukua yangu, Mwenyekiti."

"Usivue, Mwalimu," alisema Wilkista. "Ninayo moja."

Alikwenda kwenye begi lake, akaondoa kitenge. Alirudi na jaketi jekundu, akalifungua zipu, akasimama mbele ya Wakoli. Alilishika mabegani, kama mwenye duka anavyomshikia mteja ajaribu. Hakulisogeza.

"Mulamwa, unaikumbuka hii?"

Wakoli alitikisa kichwa, au labda ilikuwa ni kutetemeka.

"Hii ina mwenyewe," alisema Wilkista. "Mwenyewe ni yule aliyeazima jaketi la ndugu yake, asirudishe, ndugu yake akapanda hapa na sweta. Nataka kujua kama ni wewe. Kama si wewe, nitairudisha kwa begi."

"Mama Joy," alisema mmoja wa wazee, "mtu anaumwa, hayo ya nyumbani si tutaongea..."

"Nyamazeni," alisema Wamalwa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Khaemba alikuwa bakoki wangu. Nilikaa matangani kwake nikaamini nilichoambiwa. Mwacheni ajibu."

Hakuna aliyesogea. Barafu ilikuwa inayeyuka juu ya turubai ikidondoka tone kwa tone. Joy alisimama kando ya nguzo, mikono imo ndani ya mikono ya sweta, akimtazama mama yake kama anayemsoma kwa mara ya kwanza. Mikono ya Wilkista haikutetemeka. Alikuwa ameifanyia mazoezi kila asubuhi.

"Mulamwa, nipe," alisema Wakoli.

"Sema kwanza."

"Ni mimi." Sauti ilitoka vipande vipande. "Niliazima mimi. Nikaisahau kwa gari la watu huko Nyahururu. Niliona aibu. Nikasema nitanunua ingine... halafu akafa."

"Na siku ya kunyoa ulisema nini?"

"Nilisema uongo."

"Sema kwa sauti. Uongo ule ulisema kwa sauti."

"Nilikusingizia!" alilia Wakoli, na kweli alilia, machozi yakimtoka mtu mzima mbele ya wenzake. "Hukuuza. Ni mimi."

Ndipo Wilkista alipomvalisha. Aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akampandishia kofia, akaivuta zipu kutoka chini mpaka kidevuni, taratibu, bila kuruka jino hata moja.

"Sasa sikia," alisema. "Huivui mpaka nikwambie uvue. Uliposema uongo palikuwa Kanduyi, uani. Utaivulia pale pale, na useme mbele ya wale wale. Ukiivua kabla, nitajua umeyameza maneno yako."

"Sawa, mulamwa."

"Mmesikia?" Wamalwa aliwauliza wenzake. "Amesema sawa mwenyewe. Mimi bakoki wa marehemu ndiye nitalinda hiyo zipu."

*

Wakoli alidhani Wamalwa anatania. Wilkista hakuwahi kutania katika jambo hili, na wala safari haikuwa imekwisha. Walishuka mlima, wakaenda Nairobi, wakapanda treni ya Mombasa, na katika treni nzima mtu mmoja peke yake alikuwa amevaa jaketi la theluji lililofungwa mpaka kidevuni. Kila mkono wake ulipoelekea zipu, Wamalwa alikohoa.

Kilifi walikuta jua la Aprili, zito, lenye mvuke wa mvua inayokaribia. Wastaafu walivua viatu, wakakunja suruali, wakaingia majini wakipiga kelele kama walivyopiga kwenye mabeseni. Wakoli alitembea mchangani nyuma yao, mwekundu kuanzia utosini hadi mapajani, jasho likimtiririka puani. Watoto waliacha kucheza mpira wakamfuata.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya njia alimtazama akipita, akamtazama akirudi.

"Babu, pole. Una homa ama una nadhiri?"

"Nadhiri," alijibu Wamalwa kwa niaba yake.

"Ehe! Basi nadhiri hiyo ni ya mchawi. Mwacheni japo afungue kifua, la sivyo mtawarudishia wenzenu maiti."

Watu wote wa pale walicheka, na Wakoli naye akajaribu kucheka, ila kicheko hakikupata pa kutokea. Alikwenda alipokuwa ameketi Wilkista, chini ya kivuli cha mvinje, miguu imenyooshwa.

"Mulamwa, ninachomeka."

"Naona."

"Watu wote wananicheka."

"Mimi wamenicheka mpaka nikahama mji."

"Hata kofia tu. Nitoe kofia."

Wilkista alikunywa dafu lake, akalimaliza. Lilikuwa tamu sana. Katika miaka yote ile alikuwa amejiuliza kama siku hii ikifika atajisikia vibaya, kwa maana ni mtu wa kanisa. Alijitafuta ndani mpaka chini, kama anavyopekua mifuko ya nguo mpya, hakupata huruma hata ya ukubwa wa njiti ya kiberiti.

"Bado," alisema.

*

Jumamosi waliyorudi, ukoo uliketi uani Kanduyi. Senge alikuwa hai bado, macho yamefifia, aliletewa kiti karibu. Wakoli alisimama palepale aliposimama siku ya kunyoa. Alisema yote: Jumapili ile, Nyahururu, gari la watu, aibu, uongo. Safari hii hakutazama viatu. Wamalwa alikuwa amesimama mbele yake asipate pa kutazama kwingine.

"Kwa hivyo huyu mwanamke," alisema Senge, "tumekula nyama yake bure."

Mzee mmoja alikohoa. Mwanamke mmoja, aliyekuwa wa kwanza kumwita Wilkista lile jina, alijifuta uso kwa kanga.

"Vua," alisema Wilkista.

Wakoli alivua, akamnyoshea jaketi kwa mkono mmoja na mkono wa pili akaunyosha uwe wa kusalimiana. Wilkista alipokea jaketi. Ule mkono mwingine ulibaki hewani mpaka mwenyewe akaurudisha.

Jumatatu alifungua kibanda Kitale. Alilikung'uta jaketi jekundu, akalitundika chini, pamoja na mengine, zipu wazi. Jua halijapanda vizuri, kijana wa kutoka Kachibora aliyekuwa akienda kazi ya ulinzi akauliza bei. Wilkista aliitaja, bei ya chini, na kijana akaondoka amelivaa, yule mtu mdogo akirukaruka kwenye zipu.

Joy alikuwa amekaa kwenye benchi, kitabu kimefungwa mapajani. Alimtazama kijana mpaka akapotea katikati ya watu. Kisha akauliza lile moja alilolibeba tangu mlimani.

"Mama, kama angekataa kusema, ungempa jaketi?"

Wilkista alikuwa anachochea jiko la chai. Hakuinua kichwa.

"Singempa."